Uzi wa re ulionyamaza: miezi mitatu yangu na mikro ya piezo

Kama usiku huu umefungua kifuniko cha nyuma cha gitaa lako, ukaona nyaya sita nyembamba zinaingia kwenye plaketi ndogo (kibao cha umeme kinachokuza sauti), na chuma cha kuchomea risasi kinapata moto pembeni yako, ndugu yangu, kichomoe kwanza. Mimi nilikaa hapo ulipokaa, mezani kwangu Katuba, hapa Lubumbashi. Nilipokuja kuinuka, miezi karibu mitatu ilikuwa imepita, dola zaidi ya 230 zimekwenda, na kipande kilichokuwa na afya nimekiua kwa mkono wangu mwenyewe. Gitaa halikuwa na ugonjwa wa kununuliwa dawa. Nataka wewe uinuke jioni hiyohiyo.

Napiga gitaa katika kwaya ya kanisa, na Jumamosi tunapiga kwenye harusi. Gitaa langu ni la umeme, la mtumba. Nilimpa dola 380 mwanamuziki aliyekuwa anahamia Kolwezi. Lina mikro mbili za sumaku kama magitaa mengi ya umeme (sisi huku tunasema mikro, wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanasema pikapu), lakini nililipendea daraja lake. Juu ya daraja kuna ponte sita, vile vipande vidogo ambavyo kila kimoja kinabeba uzi wake, na ndani ya kila ponte kuna punje ya piezo. Punje hiyo ukiibana inatoa umeme kidogo. Uzi ukitetemeka unaibana na kuiachia mara mamia kwa sekunde, na umeme ule ukikuzwa unakuwa sauti. Jambo hili ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha mwaka 1880, na leo limo kwenye viberiti vya gesi, kwenye kengele za saa na kwenye gitaa langu.

Faida yake naijua mimi niliyewahi kubeba magitaa mawili kwenye teksi moja. Bwana na bibi harusi wanapoingia unapiga kwa piezo, sauti nyepesi ya mbao, kama gitaa kavu, lile lisilo la umeme. Watu wakishakula bukari na kuinuka, unageuza swichi moja, mikro za sumaku zinashika, sebene inaanza. Gitaa lilelile, mkono uleule.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilikuwa zimekolea. Mbao hunywa unyevu, shingo ya gitaa ikapinda mbele kidogo, nyuzi zikapanda juu ya ubao, vidole vikaanza kuuma. Nilipaswa kukaza kidogo fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, robo ya mzunguko, na kungoja siku moja. Badala yake nilichukua bisibisi nikashusha daraja, kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Nyuzi zikarudi chini, nikaridhika, nikasahau kabisa kwamba niligusa kitu. Kumbuka hapo. Mimi sikupakumbuka mpaka mwezi wa pili.

Siku mbili baadaye tulikuwa na harusi Kampemba. Wimbo wa kuingilia unaanzia kwenye uzi wa nne, ule wa re (kuanzia uzi mwembamba, sita zote tunaziita mi, si, sol, re, la, mi), na noti ile inakaa peke yake kabla nyingine hazijaingia. Nilipiga, ukumbi ukanyamaza. Nilisikia kidole changu kikigusa uzi, ile sauti kavu ya chuma karibu na tumbo langu, lakini kwenye spika hakuna kitu. Nikapiga tena. Nyuzi nyingine tano zilikuwa zinalia vizuri, re ilikuwa kama jino lililong'olewa. Bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni na baba yake, anangoja. Niligeuza swichi nikapiga kwa mikro za sumaku, sauti nzito isiyofaa, na nikaona kiongozi wetu wa kwaya akinitazama. Baada ya harusi aliniambia kwa upole, “Papa, wiki ijayo ulete gitaa kavu tu.” Hakukasirika. Upole ule ndio ulionikosesha usingizi.

Nyumbani nilianza kufanya kile ambacho wengi wetu hufanya: kununua. Kebo mpya, dola 12. Betri tatu za volti 9, franka 5,000 kila moja, kwa sababu ya kwanza niliyonunua sokoni ilikuwa dhaifu na nikadhani zote ni mbovu. Ningetulia ningejua kwamba vyote viwili havihusiki. Betri inalisha plaketi nzima. Ikichoka, sauti za nyuzi zote sita zinapungua na kukwaruza pamoja. Betri haichagui uzi. Kebo pia haichagui uzi, wala tundu la jeki. Kama tatizo ni la sita zote, tazama betri, jeki, kebo na plaketi. Kama ni la uzi mmoja, tazama ponte ya uzi huo, waya wake, na mahali waya huo unapoingia kwenye plaketi.

Hata hivyo, betri inahitaji neno moja. Kwenye magitaa mengi ya namna hii tundu la jeki ndilo swichi ya betri: ukichomeka kebo, plaketi inawaka, hata kama hupigi na spika imezimwa. Ukilala umeiacha kebo imechomekwa, betri inaliwa usiku kucha. Betri mpya nzuri ya alkali hupima volti 9 na zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 7 na nusu mimi naitoa, siingoji iniaibishe ukumbini. Na zile za bei ndogo zisizo za alkali, hata zikiwa mpya, zinadumu muda mfupi zaidi.

Basi nikafika kwenye kosa kubwa, na hili nitalieleza polepole kwa sababu nimeona wengine wawili wakilirudia.

Nilikuwa na mita ndogo ya njano ya kupimia umeme, ile inayouzwa kila mahali. Nilifungua kifuniko cha nyuma, nikachomoa fishi (plagi) sita ndogo kutoka kwenye plaketi, nikaweka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, nikaanza kupima waya mmoja mmoja. Uzi mzito wa mi: kwenye kioo cha mita ikatokea “1” peke yake upande wa kushoto, maana yake hakuna njia, umeme haupiti. La: “1”. Nikaruka re, nikapima sol: “1”. Si: “1”. Mi nyembamba: “1”. Mikono ikaanza kunitetemeka. Kisha nikarudi kwenye re. Mita ikaandika 003. Nikageuza kwenye alama ya mlio, ikalia piiii, mlio mrefu safi.

Nilichofikiri ni hiki: mita haidanganyi. Ponte tano zimekufa au ziko njiani kufa, na re ndiyo pekee iliyo nzima. Nilijua kutoka zamani kwamba mikro ya sumaku ikiwa nzima inaonyesha namba, kilo-omu 6, 8, wakati mwingine 15, na ikikatika inaonyesha “1”. Nikachukua kanuni ya sumaku nikaiweka juu ya piezo. Masikio yangu yalikuwa yameniambia kinyume chake: tano zinalia, re haisikiki. Niliyapuuza masikio yangu nikaamini kioo.

Ukweli ni huu. Mikro ya sumaku ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, mwanzo mpaka mwisho ni njia moja, ndiyo maana mita inaona omu. Piezo haina njia. Ni punje ya seramiki katikati ya chuma na chuma, kama kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo. Umeme wa mita haupiti, kwa hiyo piezo nzima inaonyesha “1”. Inayolia piiii ndiyo ambayo waya wake wa ndani umegusana na wa nje, sauti yake inakufa kabla ya kufika kwenye plaketi. Zile ponte tano nilizozililia zilikuwa na afya, na ile niliyoifurahia ndiyo ilikuwa mgonjwa.

Sikujua. Niliagiza ponte sita mpya kwa mtu aliyekuwa anarudi kutoka ng'ambo: dola 140, na 25 za usafiri. Fedha ile ilitoka kwenye likelemba, yaani upatu, ya mke wangu. Zamu yake ilikuwa imefika, na tulikuwa tumepanga ilipe awamu ya pili ya ada ya watoto. Nilimwambia bila gitaa hakuna harusi, bila harusi hakuna ada. Alinyamaza kidogo, akasema, “Baba watoto, una hakika ni hiyo?” Nikasema nina hakika, nimepima. Neno lile “nimepima” lilinirudia usiku mwingi baadaye.

Vitu vilichukua wiki saba. Mwezi wa kumi na mbili, ambao ndio mwezi wa harusi, nilikosa kazi mbili za dola 30 kila moja. Nyingine nilizipiga kwa gitaa la kuazima. Nilijaribu pia kubandika kisahani cha piezo nyuma ya shingo, kile cha shaba cha milimita 27 kinachotoka kwenye kengele za umeme. Nilikichomeka moja kwa moja kwenye meza ya sauti ya kanisa. Sauti ilitoka nyembamba kama redio ya mfukoni, besi yote imekwenda. Sababu niliielewa baadaye. Piezo haiwezi kusukuma mzigo mzito. Kisahani kama kile, kikipimwa kama kapasita, kina takriban nanofaradi 20. Kwenye tundu la meza lenye omu 10,000, kila kilicho chini ya hezi 800 kinaanza kupotea, na uzi wa mi mzito unaanzia hezi 82. Punje za kwenye ponte ni ndogo zaidi, ndiyo maana zinahitaji plaketi inayopokea kwa mega-omu (omu milioni) moja na kuendelea, na 10 ni bora. Kwa hiyo ukimsikia mtu analalamika kwamba piezo yake haina besi, muulize kwanza ameichomeka wapi.

Ponte mpya zilipofika mwisho wa mwezi wa kwanza nilifurahi kama mtoto. Fishi zake hazikulingana na matundu ya plaketi yangu. Nikakata fishi za zamani nikaamua kuziunga kwenye nyaya mpya kwa risasi. Nyaya hizi ni nyembamba kuliko unavyofikiri. Ndani kuna uzi mmoja wa katikati, nje kuna nyuzi laini zilizosukwa kuuzunguka, na kati yao ganda jembamba sana. Nilimaliza tatu vizuri. Waya wa si ukanikatikia karibu kabisa na ponte, umebaki kijiti cha milimita mbili. Nilipaswa kusimama. Ilikuwa saa nne za usiku, umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara mbili, nilitaka kumaliza. Nikaegemeza chuma chenye moto pale pale kwenye kijiti, nikakiacha mpaka risasi ikayeyuka vizuri na kung'aa.

Piezo ya seramiki inafanya kazi kwa sababu kiwandani iliwekwa kwenye umeme mkali, chembe zake zikapangwa kuelekea upande mmoja. Joto kubwa linazivuruga. Chuma cha kuchomea risasi kinafika nyuzijoto 350 za Selsiasi bila taabu, na joto hilo linatosha kuinyima punje ndogo uwezo wake. Haitoi moshi, haibadiliki rangi. Inabaki pale inakutazama, haisemi tena. Unga waya mbali na ponte, sentimita tatu au zaidi, gusa kwa sekunde moja au mbili, na kati ya kiungo na ponte shika waya kwa koleo ya chuma ili ile koleo inywe joto. Na kama waya umekatika ukingoni kabisa mwa ponte, mimi siku hizi siigusi, naihesabu kuwa imeondoka.

Nilifunga kila kitu, nikaweka nyuzi mpya, nikachomeka. Re ikalia! Niliita mke wangu kutoka jikoni asikie. Uzi wa si ulikuwa unanong'ona tu, lakini re ililia, na nikasema moyoni kwamba Mungu ni mwema, fedha haikupotea. Kisha nikaona nyuzi ziko juu mno, kwa sababu nilikuwa nimepandisha daraja ili kupitisha nyaya. Nikachukua bisibisi nikalishusha. Nikapiga. Re haikuwepo.

Sijui kama naweza kueleza vizuri ile dakika. Nilikaa kitini na gitaa mapajani, sikuwa na neno. Ponte mpya, waya mpya, na kimya kilekile mahali palepale. Mke wangu alikuwa bado amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakusema kitu, akarudi jikoni.

Kesho yake nililibeba gitaa mpaka kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na simu karibu na soko la Kenya. (Kwa msomaji wa mbali: Kenya ni mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi.) Mzee huyu hapigi gitaa. Kibanda chake ni cha mbao, kina paneli ya jua juu, betri ya gari chini ya meza, na kioo cha kukuzia kilichofungwa kwa waya kwenye msumari. Nilimweleza yote, namba zote, ponte zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

“Mutoto yangu, hii gitare, mbele ya kuifungua, ulihamisha ugonjwa?”

Nikamwambia sielewi, muzee.

“Kama unafuata waya, njo waya. Kama unabakia ku plaketi, njo plaketi. Leta hapa.” (Njo kwetu ni ndiyo: ugonjwa ukifuata waya, mbovu ndiyo waya.)

Alichomoa fishi ya re na fishi ya sol. Ya re akaichomeka kwenye tundu la sol, ya sol kwenye tundu la re. Akaniambia piga. Sol ikalia kama kawaida, ingawa sasa ilikuwa inapita kwenye tundu la re. Re haikusikika, ingawa ilikuwa kwenye tundu zima la sol. Ilichukua dakika moja, bila risasi, bila kununua hata msumari. Kimya kilikuwa kimeufuata waya. Plaketi nzima.

Kisha akachukua kijiti cha kiberiti, akakigonga juu ya ponte ya re, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Kwenye kispika chake kidogo: kimya. Akagonga ya la: tok. Ya sol: tok. Ya si: sauti hafifu sana, kama imefunikwa blanketi. Akarudi kwenye re, na huku anagonga kwa mkono mmoja, akaanza kupandisha daraja kwa mkono mwingine, polepole. Robo ya mzunguko, kimya. Nusu ya mzunguko: tok. Safi, kubwa kuliko zote. Akashusha: kimya. Akapandisha: tok. Akafanya mara tatu, kisha akanitazama bila kucheka.

“Nani alishusha hii?”

Nikasema ni mimi.

Tulilegeza nyuzi tukainua daraja zima. Chini yake nyaya sita zinashuka kwenye tundu moja lililotobolewa kwenye mbao. Tano zilikuwa zimelala katikati ya tundu. Wa re ulikuwa umepanda ukingoni, na daraja liliposhuka lilikuwa linaukalia. Chini ya kioo cha kukuzia niliuona vizuri. Mahali pa ukubwa wa punje ya mchele waya ulikuwa bapa, unang'aa, ganda limepasuka, na uzi wa ndani umelala juu ya nyuzi za nje. Ndiyo ile 003. Ndiyo ile piiii niliyoifurahia. Na kwa kuwa ponte mpya niliipitisha njia ileile na nikashusha daraja lilelile, nilikuwa nimeiumiza kwa namna ileile.

Niongeze hapa jambo ambalo mzee alinieleza huku anakata kile kipande bapa. Kwenye gitaa langu kila ponte ina mlango wake kwenye plaketi, kwa hiyo uzi mmoja ulinyamaza peke yake. Kuna nyingine ambazo nyaya zote sita zinaunganishwa pamoja kabla ya kuingia. Humo waya mmoja ukigusana, sita zote zinanyamaza, na mtu anaapa kwamba plaketi imekufa. Dawa yake ni kuzitenganisha na kurudisha moja moja, unagonga kila hatua, mpaka ufike kwa ile inayozizima wenzake.

Aliunga waya mbali na ponte, akavika kiungo mpira unaosinyaa kwa joto, akasafisha plaketi kwa spiriti na mswaki wa zamani kwa sababu vumbi letu jekundu likichanganyika na unyevu wa masika linapitisha umeme kidogo, na kwa piezo kidogo hicho kinatosha kuleta mikwaruzo. Mimi nilichukua tupa ya mviringo nikalainisha ukingo wa tundu na kulipanua upande mmoja, nyaya zipate nafasi. Fimbo ya shingo niliikaza robo ya mzunguko, daraja likabaki juu mahali pake, na nyuzi zikashuka zenyewe siku iliyofuata.

Ikabaki ponte ya si. Mzee alikuwa na mita nyingine inayopima kapasita, tukapima zote. Zangu zilikaa kati ya pikofaradi 380 na 430. Za kwako zitakuwa na namba nyingine, kinachotafutwa ni ile inayojitenga na wenzake: waya uliokatika utaonyesha karibu na hakuna kitu. Hapa kipimo hiki kinakusaidia, maana kwenye omu piezo nzima na waya uliokatika vyote vinaonyesha “1”. Lakini ponte ya si, ile niliyoichoma, ilionyesha 395, namba ya mtu mwenye afya, na huku ukiigonga inanong'ona. Kwa hiyo mita peke yake haitoshi hata ikiwa nzuri. Gonga, kisha sikiliza. Tuliitoa, nikafungua mfuko wa ponte za zamani niliokuwa nimeufunga kwa uchungu, tukaichukua ponte ya si ya zamani na kuijaribu. Tok. Tukajaribu zote za zamani, pamoja na re baada ya kukata mahali palipopondeka. Zote sita zililia. Niliona haya mbele ya vile vipande vidogo.

Mzee aliniomba franka 10,000. Nilitaka kumwongezea, akakataa, akasema nimletee tu kispika kibovu kama ninacho nyumbani.

Hesabu yote ni hii, nimeiandika mbele ya mke wangu kwa sababu alistahili kuiona: dola 165 za ponte na usafiri, 12 za kebo, 60 za harusi nilizokosa, franka 15,000 za betri na 10,000 za mzee. Nilichohitaji kweli ni zile 10,000 za mwisho. Ada ya watoto tuliilipa kwa kuchelewa, baada ya kuomba kwa mkuu wa shule. Nimemrudishia mke wangu fedha ya likelemba kidogo kidogo kutoka kwenye harusi za mwezi wa tatu na wa nne, na imekwisha.

Ndani ya kifuniko cha nyuma cha gitaa nimebandika karatasi. Ina namba sita za pikofaradi, tarehe, na urefu wa daraja uliopimwa kwa rula ya shule, pande zote mbili. Kila ninapobadilisha nyuzi nagonga ponte zote kwa kijiti kabla ya kufunga, na kila ninapotaka kugusa skrubu ya daraja naandika kwanza ilipo.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alikuja kutoka Ruashi na gitaa lenye daraja la aina hiihii. Uzi wake wa la ulikuwa kimya, na mfukoni alikuwa amekwisha kuweka dola 90 za kuagizia ponte. Aliniita yaya, kaka mkubwa kwa lugha ya huku, akaniuliza kama ninamjua mtu anayesafiri. Nikamwambia akae. Tulichomoa fishi ya la na fishi ya re, tukazibadilishana matundu, akapiga. La ikalia. Re ikanyamaza. Kimya hakikuufuata waya, kilibaki kwenye tundu. Tukaenda pamoja kwa mzee, naye chini ya kioo chake akatuonyesha mguu mmoja wa tundu lile ambao risasi yake ilikuwa imepasuka, ufa wa duara mwembamba kama unywele. Akaugusa kwa chuma chake, sekunde moja. Kijana alirudi Ruashi na dola zake 90.